Daniel David Palmer: Muuza duka aliyeanzisha tiba ya kunyoosha mgongo

Kandokando ya barabara ya Ggaba, katika kitongoji cha Kansanga jijini Kampala, mtu mwenye maumivu ya mgongo hakosi mlango wa kubisha. Wapo wakandaji, wapo wauzaji wa mitishamba, yapo maduka ya dawa na zahanati. Siku hizi jiji la Kampala lina pia kliniki za kairopraktiki, ambako mgonjwa hulazwa juu ya kitanda maalumu na pingili za uti wake wa mgongo husukumwa kwa mikono.

Tiba hiyo haikuanzia hospitalini wala katika chuo kikuu. Ilianza mwaka 1895 mikononi mwa mtu asiyekuwa na shahada ya udaktari, katika mji ulio kando ya mto Mississippi nchini Marekani. Jina lake lilikuwa Daniel David Palmer. Maisha yake yalimalizika zaidi ya miaka 110 iliyopita, lakini yanaeleza mambo mawili yanayomhusu mgonjwa wa leo: kwa nini tiba hii huwafaa baadhi ya watu, na kwa nini mtu anayeitafuta anapaswa kuchagua kliniki kwa uangalifu mkubwa.

Kijana kutoka Kanada

Palmer alizaliwa tarehe 7 Machi 1845 huko Pickering, karibu na mji wa Toronto. Mwaka 1865, akiwa na umri wa miaka 20, aliihama Kanada na kuingia Marekani, nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inatoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Kwa miaka 20 iliyofuata hakutulia katika kazi moja. Alifundisha shule. Katika jimbo la Illinois alifuga nyuki na kuotesha miche ya matunda. Baadaye alihamia mji mdogo wa What Cheer katika jimbo la Iowa, akafungua duka la vyakula, na pamoja na unga na sukari akauza samaki wa dhahabu wa mapambo. Alikuwa mtu wa kusoma sana na wa kujiamini kupita kiasi, sifa mbili zilizoandamana naye hadi kaburini.

Zama zake zilikuwa zama ngumu kwa wagonjwa. Wapo madaktari wa Marekani waliokuwa bado wakiwatoa wagonjwa damu na kuwanywesha dawa zenye zebaki. Vyuo vingi vya udaktari vilikuwa dhaifu, na mtu aliweza kuitwa daktari baada ya mafunzo mafupi. Haikushangaza basi kwamba watu wengi walikimbilia kwa waganga wa aina nyingine: wa maji, wa mitishamba, wa maombi na wa sumaku.

Palmer alijiunga na hao wa sumaku. Hao hawakutumia sumaku ya chuma. Waliamini kwamba mwili wa mtu mwenye afya una nguvu inayoweza kupita mikononi mwake na kuingia kwa mgonjwa, imani iliyotokana na mafundisho ya Franz Mesmer huko Ulaya katika karne ya 18. Katikati ya miaka ya 1880 Palmer aliiacha biashara ya duka akaanza kuwawekea watu mikono, kwanza katika mji wa Burlington, kisha Davenport, yote miwili ikiwa Iowa. Wagonjwa walimjia kwa wingi na maisha yake yakawa mazuri.

Hata hivyo kulikuwa na swali lililomsumbua. Watu wawili hula chakula kimoja na kufanya kazi pahali pamoja. Mmoja huugua na mwenzake hubaki mzima. Palmer alitaka kujua tofauti yao iko wapi. Swali hilo lilikuwa jema. Alichokifanya baada ya kudhani amelijibu ndicho kilichomletea sifa na lawama.

Siku ya Harvey Lillard

Tarehe 18 Septemba 1895 ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa kairopraktiki. Siku hiyo Palmer alimshughulikia Harvey Lillard, Mmarekani mweusi aliyefanya usafi katika jengo ambamo Palmer alikuwa amepanga vyumba vyake. Lillard alikuwa na uziwi wa miaka 17.

Kwa maelezo ya Palmer, Lillard alimsimulia kwamba siku usikivu wake ulipopotea alikuwa ameinama akifanya kazi nzito, akasikia kitu kikiachia mgongoni. Palmer alimpapasa, akaona pingili moja imetokeza, akaisukuma irudi mahali pake, na Lillard akaanza kusikia. Lakini familia ya Lillard ilikuja kusimulia habari tofauti: kwamba wawili hao walikuwa katika mazungumzo ya utani, Palmer akampiga Lillard kofi la mgongoni kwa kicheko, na siku chache baadaye Lillard akahisi anasikia vizuri zaidi.

Madaktari wameipinga hadithi hiyo tangu mwanzo. Mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo hutoka katika sikio la ndani na kupita ndani ya fuvu la kichwa, haushuki mgongoni. Kwa hiyo msingi wa kwanza wa tiba hii ni tukio moja, la mgonjwa mmoja, lenye masimulizi mawili, na halikuhusu maumivu ya mgongo hata kidogo.

Jina la Kigiriki na shule ya Davenport

Aliyeipa tiba hiyo jina ni mchungaji Samuel Weed, mmoja wa wagonjwa wa Palmer, ambaye aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la mkono na la kutenda. Maana yake ni kazi ifanywayo kwa mkono.

Mwaka 1897 Palmer alianza kufundisha wengine huko Davenport. Kwa sadfa, mwaka huohuo, maelfu ya kilomita kutoka hapo, daktari mmisionari Albert Cook alifungua hospitali ya Mengo katika kilima cha Namirembe, ambako leo ni Kampala. Njia mbili za tiba, ambazo mkazi wa Kansanga wa leo anaweza kuzichagua, zilianza safari zao mwaka mmoja.

Ni vyema kukumbuka kwamba kunyoosha viungo kwa mikono hakukuanza na Palmer. Wagiriki wa kale waliandika juu yake. Waganda walikuwa na wanao hadi leo waunga mifupa wao, wanaoitwa abayunzi, na katika pwani ya Afrika Mashariki ujuzi wa kukanda na kuunga umerithishwa kutoka kwa wazee hadi kwa wajukuu. Huko Marekani kwenyewe, Andrew Taylor Still alikuwa ameanzisha tiba ya osteopathia na kufungua shule yake katika mji wa Kirksville mwaka 1892, kabla ya Palmer.

Jipya la Palmer halikuwa mkono. Lilikuwa dai.

Dai lililopita kiasi

Palmer alifundisha kwamba pingili za mgongo zikiteguka hata kidogo huvuruga mishipa ya fahamu, na kwamba humo ndimo yanamotoka maradhi. Katika kitabu chake kikubwa, kilichochapishwa mwaka 1910 huko Portland, Oregon, alidai kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote husababishwa na pingili zilizohama, na yaliyosalia husababishwa na viungo vingine vilivyohama.

Tuipime kauli hiyo kwa wakati wake. Robert Koch alikuwa amekwisha kukitambua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882 na cha kipindupindu baadaye. Chanjo ya ndui ilikuwa imetumika kwa zaidi ya miaka 100. Palmer alizipinga chanjo, na hakuona kwamba vijidudu ndivyo chanzo cha maradhi. Alisema pia kwamba baadhi ya maarifa yake aliyapokea kutoka kwa roho ya daktari aliyekwisha kufariki, na katika miaka yake ya mwisho alifikiria kuigeuza kairopraktiki kuwa dini, kwa sehemu ili wafuasi wake wapate kinga ya kisheria.

Si haki kumwita mtu huyo tapeli. Ushahidi wa maisha yake unaonyesha mtu aliyeamini kwa dhati alichofundisha, hata akafungwa kwa ajili yake. Kosa lake lilikuwa jingine: aliona kitu kinachowasaidia watu fulani wenye tatizo fulani, akakifanya kuwa dawa ya watu wote kwa matatizo yote.

Jela, mwana na kifo

Mwaka 1906 mahakama ya Iowa ilimtia hatiani kwa kutibu bila leseni ya udaktari. Alikataa kulipa faini na kuchagua jela, kisha baada ya siku kadhaa akabadili nia, akalipa na kutoka. Mwaka huohuo shule yake ilipita mikononi mwa mwanawe, Bartlett Joshua Palmer, aliyezaliwa mwaka 1882. Palmer mzee aliondoka Davenport, akarudia kuuza duka huko Oklahoma, kisha akajaribu kuanzisha shule nyingine huko na baadaye Oregon. Hakuna iliyoishinda ile ya mwanawe.

Baba na mwana hawakupatana tena. Mwezi Agosti 1913, wakati wa sherehe za shule huko Davenport, mzee alitokea katika maandamano bila mwaliko, na baadaye wafuasi wake wakadai kwamba mwana alimgonga kwa gari. Mashtaka hayakufika mbali. Palmer alifariki Los Angeles tarehe 20 Oktoba 1913 akiwa na umri wa miaka 68. Cheti cha kifo kilitaja homa ya matumbo, ugonjwa unaoletwa na bakteria, ambao nadharia yake ya pingili haikuwa na jibu kwao.

Tiba iliyobaki baada ya mwanzilishi

Mwana alikuwa mfanyabiashara hodari. Aliingiza mashine za eksirei shuleni, na mwaka 1922 akanunua kituo cha redio cha WOC huko Davenport, kilichoitangaza tiba hiyo mbali. Katika kituo hicho ndimo Ronald Reagan, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikoanza kazi ya utangazaji mwaka 1932.

Sheria nazo zilibadilika polepole. Jimbo la Kansas lilikuwa la kwanza kupitisha sheria ya leseni za kairopraktiki, mwaka 1913, mwaka aliofariki Palmer. Louisiana lilikuwa la mwisho, mwaka 1974. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliwahi kuwakataza wanachama wake kushirikiana na watabibu hao, na mwaka 1987 mahakama iliamua kwamba ususiaji huo ulivunja sheria za ushindani.

Fani yenyewe iligawanyika. Wapo wanaoshikilia mafundisho ya mwanzilishi, kwamba mgongo ukinyooka maradhi yote hukaa mbali. Wapo wengine, ambao husoma anatomia na utambuzi wa magonjwa kwa miaka kadhaa, wanaojiwekea mipaka katika maumivu ya mgongo, shingo na viungo. Barani Afrika, Chuo Kikuu cha Johannesburg na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban nchini Afrika Kusini hutoa mafunzo hayo. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wa mafunzo na usalama wa kairopraktiki mwaka 2005.

Utafiti umelipunguza dai la Palmer hadi kimo chake halisi. WHO inakadiria kwamba watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno yasiyo na chanzo mahususi, shirika hilo liliitaja tiba ya kusukuma pingili kwa mikono miongoni mwa njia zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi, elimu kwa mgonjwa na kukandwa. Faida yake kwa kawaida ni ya wastani, na ni njia moja kati ya kadhaa. Kwa uziwi, pumu, kisukari au shinikizo la damu, hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inatibu.

Mgongo wa Kansanga

Msikilizaji aliyeko Kansanga ana sababu nyingi za kuumwa mgongo. Dereva wa bodaboda hukaa kutwa juu ya tandiko barabarani. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, chenye makao yake hapo Kansanga, hukesha ameinamia kompyuta. Mama wa sokoni hubeba mafurushi. Mkimbizi aliyetoka Kongo huenda alibeba watoto na mizigo kwa siku nyingi. Wengi wao wana maumivu ya misuli na viungo ambayo hupungua ndani ya wiki chache, hasa mtu akiendelea kutembea badala ya kulala kitandani.

Lakini si kila mgongo unaouma ni wa kusukumwa. Uganda ni miongoni mwa nchi ambazo WHO inazihesabu kuwa na mzigo mkubwa wa kifua kikuu kinachoambatana na VVU, na kifua kikuu hakikai kifuani tu. Huweza kuingia katika pingili za mgongo na kuzila polepole. Mgonjwa huanza na maumivu kama ya mtu mwingine yeyote. Pingili iliyoliwa hivyo ikisukumwa kwa nguvu huweza kuporomoka na kubana mishipa ya fahamu, na mgonjwa akapooza miguu. Saratani iliyosambaa mifupani na mifupa iliyopungua uimara kwa uzee huleta hatari kama hiyo.

Hapo ndipo kosa la Palmer linapoweza kumdhuru mtu wa leo. Mtabibu anayeamini kwamba pingili iliyohama ndiyo chanzo cha kila maradhi hatatafuta kifua kikuu, kwa sababu jibu analo kabla ya kuuliza.

Dalili zifuatazo zinamtaka mgonjwa aende hospitali kwanza, kabla ya kuguswa na mtabibu yeyote wa mikono: homa au jasho la usiku, kupungua uzito bila sababu, maumivu yasiyotulia hata mtu akilala, maumivu yaliyoanza baada ya ajali au kuanguka, historia ya saratani, miguu kulegea. Anayepata ganzi katikati ya mapaja, au anayeshindwa kuuzuia au kuutoa mkojo na choo, aende siku hiyohiyo. Kutoka Kansanga, hospitali ya Nsambya haiko mbali, na Mulago ndiyo hospitali ya taifa ya rufaa.

Namna ya kuchagua

Kwa asiye na dalili hizo, maswali machache humsaidia kutofautisha kliniki moja na nyingine.

La kwanza ni la mafunzo na leseni. Mtabibu alisomea wapi, kwa muda gani, na amesajiliwa na nani? Nchini Uganda, madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na wataalamu wa fiziotherapia na Baraza la Wataalamu wa Afya Shirikishi. Cheti kilichoning'inizwa ukutani hakitoshi; mgonjwa ana haki ya kuliuliza baraza husika kama jina hilo limo katika daftari lake, na kama kliniki yenyewe ina kibali.

La pili ni la uchunguzi. Mtabibu makini huuliza historia ya mgonjwa, hupima nguvu za miguu, hisia na mwendo wa viungo, kabla ya kugusa pingili. Anayemlaza mgonjwa kitandani katika dakika ya kwanza hajafanya kazi yake. Vivyo hivyo anayempiga kila mgonjwa picha ya eksirei, hata pasipo sababu, anamtoza fedha na kumpa mionzi bila faida.

La tatu ni la ahadi. Methali yasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tangazo linaloahidi kuponya kisukari, utasa na presha kwa kunyoosha mgongo linarudia dai la mwaka 1910. Mgonjwa akishauriwa aache dawa za presha, za VVU au za kifua kikuu, aondoke.

La nne ni la fedha na muda. Ni busara kuuliza bei ya kila ziara kabla ya kuanza, na kujihadhari na kliniki inayotaka malipo ya ziara 20 au 30 kwa mkupuo. Kama hakuna nafuu yoyote baada ya wiki chache, mpango unapaswa kubadilishwa au mgonjwa apelekwe kwingine.

La tano ni la shingo. Kuzungusha shingo kwa nguvu, mara chache sana, kumehusishwa na kuchanika kwa mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo na kusababisha kiharusi. Mtabibu anapaswa kuieleza hatari hiyo mapema, na mgonjwa anaweza kukataa bila kuona haya.

La mwisho ni la mazoezi. Kliniki nzuri humfundisha mgonjwa namna ya kukaa, kuinua mzigo na kuimarisha misuli nyumbani, ili asiitegemee daima. Kwa wasio na uwezo wa kulipia kliniki binafsi, mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali anaweza kutoa huduma hiyo hiyo ya mazoezi na kukandwa.

Chuo alichokianzisha Palmer kingalipo huko Davenport, na watu wengi duniani hupata nafuu mikononi mwa warithi wake. Walio bora kati yao wamebaki na swali lake la kwa nini huyu anaugua na yule ni mzima, wakaliacha jibu lake moja kwa yote. Mgonjwa wa Kansanga anayetafuta kliniki na aitafute ile inayomuuliza kabla ya kumsukuma, na iliyo tayari kumwambia kwamba ugonjwa wake si wa kutibiwa hapo.